Sahani ya Picha

Mkaguzi wa hesabu alikuwa mtu wa kuamini karatasi kuliko watu, kwa hiyo daktari alipomsukumia karatasi ya vipimo na kumwambia sukari yake imepanda, hakuwa na pa kutokea. Alijaribu hata hivyo. Aliuliza kama ile mashine imekaguliwa karibuni. Aliuliza kama haiwezekani damu ikawa ya mgonjwa mwingine. Daktari akamtazama juu ya miwani, akamwambia taratibu apunguze wanga, mafuta na vitu vitamu, azidishe mboga, atembee kwa miguu, na akirudi kutoka safari yake ya kazi aje apimwe tena.

Aliyelia siku hiyo si Mkaguzi. Ni mkewe, fundi cherehani, mwanamke mzima wa afya, sukari yake shwari, presha yake shwari, mwili wake umejaa vizuri, na hamu yake ya chakula hakuwahi kuionea haya mbele ya mtu. Alilia pale kwenye benchi la hospitali, akalia ndani ya teksi, na walipofika nyumbani akapangusa uso na kutoa hukumu.

"Baba watoto, hutateseka peke yako. Utakachokula wewe huko uendako ndicho nitakachokula mimi hapa. Siwezi kukaa na paja la kuku mbele yangu wakati mume wangu anatafuna majani kwenye miji ya watu."

"Lakini wewe huumwi, mama."

"Kwani nimesema naumwa? Nipigie picha ya sahani yako kila mlo. Nikiiona, napika hivyo hivyo. Basi."

Mkaguzi aliguswa. Aliguswa kweli, mpaka akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Ila kuguswa na kutenda, kwa mtu kama yeye, zilikuwa idara mbili tofauti, na hazikuwa na desturi ya kujibizana barua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukagua vitabu vya mamlaka ya maji ya mji mmoja wa mbali, kazi ya miezi, na ofisi ilimlipia hoteli pamoja na milo yote. Ilikuwa hoteli ya heshima zake: zulia jekundu ngazini, televisheni iliyoshika stesheni mbili, na bafu ambalo maji ya moto yalikuja mtu akishamaliza kuoga. Lakini chumba cha kulia, jamani, chumba cha kulia kilikuwa habari nyingine. Meza ya kujipakulia ilianzia mlangoni ikazunguka ukuta mzima. Mboga mbichi ziliwekwa mwanzoni, pale ambapo kila mtu anapita haraka akitafuta kilicho mbele. Zikafuata soseji, mayai ya kila namna, viazi vya kukaanga, kuku, nyama iliyoogelea kwenye mchuzi, mikate ya maziwa, na mwisho kabisa, chini ya taa yake yenyewe, keki.

Siku ya kwanza Mkaguzi alipiga moyo konde. Alipakua matango, nyanya, karoti na kabichi, akaweka jani la saladi juu kwa ajili ya sura, akapiga picha akaituma, kisha akala zote, akitafuna kwa huzuni. Kabla ya saa nne alikuwa ofisini kwa watu anatazama kifutio cha mpira na kukiwazia mengine.

Siku ya pili alikula mboga, halafu akaenda kuonja soseji. Kuonja tu. Siku ya tatu aliionja vizuri zaidi. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ameshaipata hoja ya kumpa nafuu ya moyo, tena hoja ya kitaalamu. Milo yote imelipiwa. Fedha ni ya umma. Chakula kilicholipiwa kwa fedha ya umma kikarudi jikoni bila kuliwa kinaitwaje? Kinaitwa ubadhirifu. Yeye, mtu aliyewafukuzisha watu kazi kwa ubadhirifu, angewezaje kuketi pale na kabichi yake, keki ikipotea mbele ya macho yake? Akala kwa uchungu wa nchi.

Picha ziliendelea kwenda nyumbani. Alipakua mboga, akapiga picha, akaisukuma sahani pembeni, kisha akainuka kwenda kulitumikia taifa. Mhudumu wa chumba cha kulia, dada mchangamfu aliyependa kazi yake isiwe na mizunguko, aliimwaga ile sahani kwa siku kadhaa mpaka akachoka.

"Mzee, samahani," akasema asubuhi moja. "Haya majani huyali. Kwa nini tuyamwage? Niyaweke kwenye friji, mchana uyapige picha tena."

Mkaguzi alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato baada ya kuzunguka mlima maisha yake yote.

"Ila iwe kwa ajili ya kuokoa chakula tu," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kwa ajili ya hiyo hiyo."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sahani ya picha. Ilikaa kwenye friji ya jikoni imefunikwa, ikatolewa asubuhi, mchana na jioni, ikapigwa picha ikarudi kupumzika. Mpishi mwenyewe aliipenda. Aliinyunyizia maji ing'ae, akabadilisha jani la saladi likikata roho, akachonga karoti ziwe na umbo la nyota. Na Mkaguzi hakuwa mjinga. Kwa kazi yake alijua watu wanakamatwa kwa uvivu, si kwa uovu. Asubuhi aliiweka karibu na dirisha, mchana akaiwekea kitambaa cha buluu, jioni akaigeuza nyanya zikae upande wa pili. Wakati mwingine aliweka uma wenye kipande cha tango, kana kwamba ameshaanza kula.

Siri ya namna hiyo haikai kwenye chumba chenye wanaume wengi walio mbali na wake zao. Mhandisi wa barabara wa chumba cha jirani aliiona, akaelewa papo hapo, akaiazima; mama yake mzazi alikuwa na wasiwasi na moyo wa mwanawe. Muuza dawa za hospitali akaiazima naye. Haukupita muda, ikawa mtu akiingia kifungua kinywa anauliza kwa sauti ya chini, "Sahani iko kwa nani?" na kuonyeshwa meza. Kulikuwa hata na mtaalamu wa lishe aliyekuja kuendesha semina kwenye ukumbi wa chini. Huyo aliipiga picha kutoka juu, kitaalamu, akaionyesha ukutani mbele ya wanasemina kama mfano wa mlo wa mchana, kisha akapanda juu kuwahi kuku.

Kati ya mlo na mlo Mkaguzi alikuwa kazini, na kazini alikuwa moto wa kuotea mbali. Bwana stoo wa mamlaka ya maji, mzee wa watu mwenye suruali iliyokatika upindo, aliitwa mbele yake kueleza kwa nini shehena ya mabomba imepokelewa stoo, halafu ikapokelewa tena, halafu ikapokelewa tena, kwa hati ile ile.

"Bwana stoo," Mkaguzi akasema akiegemea kiti, "haya mabomba yana miguu? Yanatoka nje kupunga upepo, kisha yanarudi yanapokelewa upya?"

Bwana stoo akatazama upindo wa suruali yake.

"Unajua tatizo lenu ninyi? Kitu kimoja mnakigeuza upande huu, mnakigeuza upande ule, mnadhani aliye mbali haoni. Aliye mbali anawaamini. Ndiyo maana ni dhambi."

Alilisema neno dhambi vizuri mno, mpaka karani aliyekuwa anaandika pembeni akaacha kuandika. Bwana stoo alitoka na macho mekundu. Mkaguzi alifunga faili, akatazama saa, akaona bado kidogo chakula cha mchana, na mate yakamjaa.

Nyumbani, sifa zake zilikuwa zinavuma. Mkewe alizirusha zile picha kwenye kundi la simu la ukoo, zote, asubuhi, mchana na jioni. Mama mkwe alituma sauti ndefu ya kumwombea. Wajomba waliokuwa hawasemi naye tangu ugomvi wa shamba walituma vidole gumba. "Huyu ndiye mwanamume," akaandika shangazi mmoja, "sio nyie matumbo yanayotangulia kuingia mlangoni." Mkaguzi alizisoma salamu hizo akiwa amelegeza mkanda, na kila alipozisoma alijiona mwembamba.

Mkewe alipiga simu kila jioni alipofunga cherehani. Mwanzoni alipiga akicheka, akisema kabichi imemfanya tumbo lipige kelele mpaka wateja wanageuka. Baadaye vicheko vikapungua.

"Baba watoto, hivi wewe huoni kizunguzungu?"

Mkaguzi alikuwa chumbani, amejilaza, mguu juu ya mguu. "Kizunguzungu ni cha siku za mwanzo. Mwili ukiuendekeza unakupanda kichwani. Kunywa maji."

"Nakunywa. Juzi nimeshona gauni la mtu, mkono wa kulia nimeuweka kushoto. Mteja amenisema mpaka nimeona haya."

"Ni suala la nia, mama watoto. Mimi hapa nashinda nimeinama kwenye vitabu vya watu tangu asubuhi, na majani yangu hayo hayo. Umeniona nikilalamika?"

"Hujalalamika," mkewe akakubali. "Mume wangu, huko kwenu hawatoi hata yai?"

Hapo Mkaguzi aliona aibu. Tusimnyime haki yake: aliona aibu, akakaa kitako kitandani, na asubuhi ya siku hiyo tumboni mwake yalikuwa yamepita mayai ya kutosha kuanzisha banda. Angeweza kusema kula yai, mama, kula mawili, kula na kuku aliyeyataga. Badala yake akasema, "Nitaangalia."

Na kweli aliangalia. Kesho yake alikwenda mpaka dirisha la jikoni akamuuliza mpishi kama sahani inaweza kuongezewa yai la kuchemsha.

"Yai halikai, bosi," mpishi akamwambia. "Leo zuri, kesho linanuka. Itabidi tuweke jipya kila siku. Na mhandisi naye anasema mama yake amemkataza mayai, sasa itakuwa sahani mbili. Mtanichanganya."

Mkaguzi akaona ni usumbufu. Isitoshe, angelielezeaje? Jana tu amemhubiria mwenzake habari za nia, leo atume yai? Kundi zima la ukoo lingesema ameanza kulegea. Alirudi mezani, akaigeuza sahani nyanya zikatazama dirisha, akapiga.

Asubuhi moja, ameshakula na kushiba, bado anatafuta upande wenye mwanga mzuri, mhandisi amesimama nyuma yake akisubiri zamu, simu ikalia mkononi. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe.

"Shemeji, dada ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Dukani kwake. Alikuwa anampima mteja kiuno, akamwangukia mikononi. Tuko zahanati. Njoo."

Mkaguzi aliogopa. Hakuna kejeli hapa, aliogopa kama mtu yeyote anayempenda mkewe, na alimpenda. Alimwita dereva wa ofisi, akaingia garini na viatu vya ndani, na njia nzima aliongea peke yake. Aliahidi mambo mengi mle ndani ya gari. Aliahidi kula mboga, kabichi mbichi, hata mizizi, mradi huyo mwanamke apone. Dereva alipunguza redio, akakanyaga mafuta.

Alimkuta kwenye kitanda cha mwisho, dripu mkononi. Alisimama kidogo asijue kama ndiye. Mwanamke aliyemwacha alikuwa akikaa kwenye kiti kinajaa. Huyu aliyelala hapa alikuwa amebakiwa na macho, na gauni alilojishonea mwenyewe lilimzunguka kama la kuazima.

"Umekuja!" mkewe akasema, na uso wote ukafunguka. "Na kazi umemwachia nani?"

Daktari, binti mdogo mwenye kalamu nyweleni, alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda.

"Wewe ndiye mume? Mama hana ugonjwa. Nimepima kila kitu. Ana njaa."

"Njaa?"

"Njaa. Ya kukosa chakula. Ananiambia ni muda mrefu anakula majani tu. Nani alimwambia ale majani tu?"

"Daktari, usimkasirikie," mkewe akasema, kichwa bado kimelalia mto. "Tulikubaliana. Yeye ndiye mgonjwa, anakula hivyo hivyo, tena anafanya kazi ya kichwa. Ameweza. Mimi ndiye dhaifu." Akamshika Mkaguzi mkono. "Nisamehe, baba watoto. Nimekuangusha."

Shemeji mtu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na ukuta. Alimtazama Mkaguzi kuanzia viatu vya ndani, akapanda, akafika kwenye shati lililokuwa linavutana na vifungo vyake, akakaa hapo.

"Shemeji," akasema, "hayo majani ya huko yanawekewa mbolea gani?"

"Koma!" dada yake akamkemea, na kule kukemea kukamtoa jasho. "Huoni amevimba? Sukari inavimbisha watu. Daktari, mimi niache, mwangalie yeye kwanza. Tafadhali. Huyu amekaa huko hana wa kumtazama, angalia alivyovimba."

Mkaguzi alisema yeye mzima, alisema hapana haja, alisema wanaoumwa ni wengine. Mkewe aling'ang'ania mpaka machozi yakamlengalenga. Daktari akamshika kidole akamchoma. Mashine ikalia. Akaisoma, akaifuta kwa koti lake, akachukua kidole kingine akamchoma tena. Akaisoma tena.

"Baba, leo asubuhi umekula nini?"

"Leo asubuhi?" Mkaguzi akasema.

Sasa, kwa miaka yote ya ndoa yao Mkaguzi alikuwa akirudi nyumbani na visa vya kazini, na mkewe akavisikiliza vyote huku akikunja nguo. Akamsimulia jinsi mwizi anavyotambulika: ukimuuliza swali, kwanza analirudia, anajinunulia muda. Akamwambia hiyo ndiyo dalili isiyokosea. Mkewe alivisikia vyote, na kumbe alivihifadhi. Mkono wake uliokuwa juu ya mkono wa mumewe ukatulia. Haukuondoka, ulitulia tu.

"Jibu, baba watoto," akasema. "Leo asubuhi umekula nini?"

Mkaguzi akatazama dripu, akatazama ndoo, akatazama mlango. "Soseji," akasema. "Mayai. Mkate na siagi. Keki kidogo."

"Na jana?"

"Jana vile vile."

"Na siku ile niliyokuambia nimekosea kushona gauni la mtu?"

Mkaguzi akatazama viatu vyake vya ndani.

"Na zile picha zote?"

"Ni sahani moja," Mkaguzi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ile aliyozoea kuisikia kwa watu wengine, upande wa pili wa meza. "Inakaa kwenye friji. Tunaigeuza."

Shemeji mtu, ambaye kwa kawaida hucheka hata misibani, hakucheka. Daktari aliandika kitu kwenye karatasi ambacho pengine hakikuwa na haja ya kuandikwa. Mkewe aliuondoa mkono, si kwa hasira, kama mtu anayeondoa mkono wake juu ya meza ili meza ifutwe.

Muuguzi akaingia na sinia. Ulikuwa wali, maharage, na samaki mzima wa kukaanga, na mvuke wake ukaenea wodi nzima. Wakamwinua, wakamwekea mto mgongoni, shemeji mtu akamnawisha. Mkewe akaiinamia ile sahani akavuta harufu macho yamefumbwa, kisha akanyanyua kichwa.

Tangu waoane, mwanamke yule hakuwahi kutia tonge mdomoni bila kumkaribisha mumewe. Walipogombana alimkaribisha. Waliponuniana wiki nzima alimkaribisha, akiwa amegeukia ukuta. Hata Mkaguzi akiwa ametoka kula sasa hivi, tumbo limejaa anahema, alimkaribisha, ndivyo alivyolelewa.

"Karibu, mdogo wangu," akamwambia shemeji mtu.

"Asante, dada. Kula."

"Karibu, daktari. Karibu, nesi."

Wakamshukuru. Akageuka upande wa kitanda cha pili, alipolala bibi mmoja asiyemjua hata kwa sura. "Karibu chakula, bibi," akasema, na bibi akajibu asante mjukuu wangu, kula upate nguvu. Hata mfagiaji aliyekuwa akipita mlangoni na ufagio wake alikaribishwa, kwa sauti ya kupaza ili asikie.

Mkaguzi alikuwa amekaa pale pale, magoti yake yakigusa kitanda. Alikuwa ameshaliandaa jibu la asante, liko ulimini. Mkewe akachambua miiba ya samaki kwa vidole taratibu, akafinyanga tonge, akala.